Kaburi Katikati ya Ranchi

Nilipokuwa bado mwanafunzi wa theolojia pale Makumira, nilipewa nafasi ya kuhubiri katika usharika wetu wa nyumbani, Ngarenanyuki. Nilihubiri juu ya msamaha. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nikapaza sauti, na mwishoni nikawaambia wazee waliokaa mabenchi ya mbele kwamba Mkristo aliyesamehe kweli hakumbuki tena. Mambo ya zamani tuyaache huko huko zamani. Watu waliitikia amina.

Baada ya ibada, wakati mnada wa sadaka za mazao ukiendelea nje, Bibi yangu mzaa baba alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Umehubiri vizuri, mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Lakini umetudanganya. Mimi nimesamehe kabla baba yako hajazaliwa. Na ninakumbuka kila kitu. Nani kakuambia vitu hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka tu, kama vijana wanavyocheka wanapozidiwa. Sasa nimekuwa mchungaji kwa miaka mingi, na Bibi hayupo tena. Nimeombwa kuandika juu ya imani, nami sijui namna bora ya kufanya hivyo kuliko kusimulia maisha yake na kulijibu, ingawa nimechelewa, lile swali aliloniuliza karibu na mafungu ya ndizi na kuku wa mnada.

Waliomfahamu Bibi hawahitaji maelezo. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi waliokulia kwetu, kwa sababu maji ya upande wetu wa Mlima Meru yana floridi nyingi. Mgeni akiyatazama sana meno hayo, Bibi alimwambia, "Huu si uchafu, mwanangu. Hiki ni cheti changu cha kuzaliwa." Tena alijua kupiga mluzi. Alipiga mluzi mmoja, na ng'ombe walio ng'ambo ya korongo waliinua vichwa. Wapo akina mama wa usharika waliomwonya kwamba mluzi haumfai mwanamke aliyebatizwa. Akawajibu kwamba ng'ombe hawajui Kiswahili wala Kimeru, wanajua mluzi.

Ustadi huo aliupata utotoni. Bibi alilelewa kwenye ranchi ya mzungu. Yeye alilisema jambo hilo waziwazi, ingawa katika ukoo wetu walikuwepo waliotamani asilisemee mbele ya watu. Ili nieleze kwa nini lilikuwa jambo la kufichwa, sina budi kurudi nyuma kidogo.

Engare Nanyuki ni jina la Kimasai, maana yake maji mekundu. Ni nchi iliyo kati ya milima miwili: Meru iko mgongoni, na asubuhi jua huchomoza upande wa Kilimanjaro. Wakati wa utawala wa Wajerumani ardhi kubwa kuuzunguka Mlima Meru ilichukuliwa ikagawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipowekwa chini ya Waingereza, Wameru walipata nafasi ya kununua tena mashamba mawili ya Engare Nanyuki, yaliyojulikana kwa namba zake, 31 na 328. Tulitafakari jambo hilo mara nyingi nyumbani: watu walitoa mali yao kununua ardhi ambayo mababu zao walilisha mifugo bila kumlipa mtu. Lakini walinunua, wakajenga, wakazika wafu wao humo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Mwingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson, kuchunguza matumizi ya ardhi katika Arusha na Moshi. Kutokana na mapendekezo yake, serikali iliamua kwamba Engare Nanyuki iingizwe katika eneo moja la walowezi wa kizungu, na wenyeji wahamishiwe King'ori. Wameru walikataa. Mwezi wa Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa na nyumba zao zikachomwa moto, ili nafasi ipatikane kwa ranchi 13 za walowezi.

Bibi wakati huo alikuwa binti wa umri wa kuchunga ndama, kama miaka tisa au kumi. Hakusimulia siku ile kama wanavyoisimulia vitabu. Alisimulia jiwe la kusagia. Mama yake alikataa kuliacha, akalibeba mgongoni mahali pa mtoto, na mtoto akabebwa na dada yake. Bibi mwenyewe alipewa kuku mmoja ndani ya kikapu. Njiani kuku yule akataga. Mama yake alipoliona lile yai alicheka sana, kisha akakaa chini akalia. Bibi alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza kuelewa kwamba hawarudi jioni.

King'ori kulikuwa na joto, malaria na mbung'o. Miezi michache baada ya kufika, mdogo wake wa kiume alifariki kwa homa. Wakati huo huo Wameru walikuwa wakichanga fedha ili kumtuma Kirilo Japhet ng'ambo. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo palikuwa na mahali pa kupeleka kilio. Mwaka 1952 Kirilo, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Mwishoni mwa mwaka huo shauri lilifika mbele ya Baraza Kuu, na azimio la kuwatetea Wameru likakosa theluthi mbili za kura. Walishindwa kwa kura, lakini dunia ilikuwa imesikia, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 Kirilo alikuwa miongoni mwa waliozunguka kuwaeleza watu kwa nini nchi inahitaji uhuru.

Historia hiyo tunaisoma kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini katika kila historia ya fahari wamo watu ambao hawakupata nafasi kwenye picha. Baba yake Bibi alikuwa mmoja wao. Alitoa mtamba wake wa mwisho kwa ajili ya mchango wa safari ya Kirilo. Baada ya hapo alibaki na mke, watoto na jiwe la kusagia. Haukupita muda mrefu akarudi Engare Nanyuki, akasimama kwenye lango la mojawapo ya ranchi zile, akaomba kazi ya kuchunga. Akapewa. Akaihamisha familia yake ikakaa katika vibanda vya wafanyakazi, mwendo wa nusu saa kutoka mahali ilipokuwa nyumba yake mwenyewe kabla ya moto.

Ndugu zake wengine hawakumsamehe. Walisema amekula matapishi. Kwenye misiba walimpa mkono bila kumtazama. Alikufa hivyo hivyo, na kwa miaka mingi jambo hilo halikutajwa nyumbani kwetu. Aliyelitaja alikuwa Bibi peke yake. "Baba yangu hakumuuza mtu," alisema. "Alitafuta maziwa ya watoto mahali maziwa yalipokuwa."

Basi Bibi akakulia pale. Alijua kukamua kabla hajajua kusoma. Alijua kumsukuma ng'ombe mkaidi aingie joshoni, na kuzungusha mashine ya kutenganisha krimu bila kubadili mwendo. Jioni alihudhuria darasa la kipaimara kwa mwinjilisti aliyekuja kwa miguu. Hapo ndipo alipojifunza Katekisimo Ndogo ya Luther, na akaishika kichwani mpaka kufa. Siku walipofika amri ya tisa, mwinjilisti akawaeleza namna Luther anavyotuonya tusiuvizie urithi wa jirani na kuuchukua kwa kujifanya tunayo haki ya kisheria, Bibi akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, katekisimo hii na wazungu wanayo?" Mwinjilisti akajibu kwamba wanayo, tena kwao ndiko ilikoandikwa. Bibi akasema, "Basi yao itakuwa imechanika ukurasa huu." Aliadhibiwa kwa kufagia kanisa wiki nzima. Alifagia, lakini swali lake hakulifuta.

Sasa nisimulie jambo lililonifanya niiandike insha hii. Usiku mmoja, Bibi akiwa binti wa miaka kama 15, ng'ombe mmoja wa thamani alishindwa kuzaa. Mnyapara hakuwepo, baba yake alikuwa na homa, na mwenye ranchi alisimama na taa mkononi hajui la kufanya. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele. Bibi alikuwa na mkono mwembamba. Akajipaka mafuta mpaka begani, akaingiza mkono, akausukuma mguu nyuma taratibu na kuunyosha, akamtoa ndama akiwa hai. Mwenye ranchi alifurahi, akamwambia aombe anachotaka.

Kwenye malisho ya ranchi ile kulikuwa na kaburi la bibi yake, mama yake baba, aliyezikwa kabla ya kuhamishwa. Hapakuwa na msalaba tena. Palikuwa na kundi la masale tu, na ng'ombe walipita juu yake kila siku kwenda kunywa maji. Bibi hakuomba nguo wala ndama. Alisema, "Naomba ng'ombe wako wasimkanyage bibi yangu."

Yule mzungu alinyamaza. Alikuwa ameambiwa, Bibi alituambia, kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Asubuhi alimwambia amwonyeshe mahali. Kisha akaleta nguzo na waya, wakazungushia. Tangu siku ile kulikuwa na kaburi la Mmeru lenye uzio katikati ya ranchi ya mlowezi, na kila aliyepita aliuliza ni la nani.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Bibi kama mzungu yule alikuwa mtu mwema. Akafikiri kidogo. "Alikuwa mtu mwema," akasema, "aliyekaa mahali pasipo pake."

Tangu nilipoanza kuhubiri nimelirudia neno hilo moyoni mara nyingi, maana linabeba mambo mawili ambayo sisi wahubiri tunapenda kuyatenganisha. Wengine wangependa aseme tu kwamba alikuwa mwema, tufunge kitabu. Wengine wangependa aseme tu kwamba alikuwa mnyang'anyi, nao wafunge cha kwao. Bibi hakufunga kitabu.

Katika Biblia alimpenda sana mtu mmoja asiye na jina: yule kijakazi wa Israeli katika 2 Wafalme 5, aliyetekwa na Washami akawekwa nyumbani kwa Naamani. Sisi tukisoma sura ile tunamwangalia Naamani, ukoma wake na mto Yordani. Bibi alimwangalia msichana. Alisema, "Mimi najua alivyolala usiku." Msichana yule alichukuliwa kwao kwa nguvu, na bado alimtakia mema bwana wa nyumba, akamwonyesha njia ya kupona. Lakini angalieni alimwelekeza wapi: kwa nabii aliye Samaria, yaani nchi ile ile alikotekwa. Msichana yule hakusahau anakotoka. Kama angesahau, Naamani asingepona. Wema wake na kumbukumbu yake vilikuwa kitu kimoja.

Hilo ndilo jibu ambalo sikuwa nalo siku ile ya mnada. Niliwafundisha watu kwamba kusamehe ni kusahau, nikidhani ninawapa Injili. Kumbe niliwapa mzigo. Mtu asiyeweza kusahau, na nani anaweza kuisahau nyumba yake ikiungua, anatoka kanisani akijiona hajasamehe, tena hajasamehewa. Bwana wetu Yesu alipowatokea wanafunzi baada ya kufufuka aliwaonyesha mikono na ubavu. Alama za misumari zilikuwa bado zipo. Aliwapa amani akiwa na makovu yake, na Tomaso akaalikwa ayaguse. Msamaha wa Kristo haukuyafuta makovu; ulibadilisha kazi yake. Yalikuwa ushahidi wa uovu wa watu, yakawa ushahidi wa upendo wa Mungu. Na hata toba yetu ya kila Jumapili inahitaji kumbukumbu, maana huwezi kuungama usichokitaja.

Walowezi waliondoka mmoja baada ya mwingine, na Wameru wakarudi Ngarenanyuki. Leo mahali palipokuwa na ng'ombe wa maziwa mnaona mifereji na mashamba ya nyanya. Ukoo wa Bibi uliporudi haukuwa na ramani. Nyumba zilikuwa zimekwisha, njia zimebadilika, miti imekatwa. Kilichobaki ni lile kaburi lenye uzio. Kaka zake walisimama penye masale, wakahesabu hatua kuelekea mahali lilipokuwa zizi, na kutoka zizini wakapata nyumba. Ndugu waliokuwa wakimpa baba yao mkono bila kumtazama walisimama hapo pia. Hawakusema kitu. Bibi alisema mmoja wao aliinama akang'oa majani yaliyoota ndani ya uzio.

Ningependa kuishia hapo, lakini isingekuwa kweli yote. Miaka ya 1990 baba yangu mkubwa na baba yangu mdogo, watoto wa Bibi wa kuwazaa, waligombania mpaka wa shamba waliloachiwa na babu. Ugomvi ulikuwa wa hatua tatu. Walifikishana kwa mwenyekiti wa kijiji, wakaacha kusalimiana, wakawa wanakaa pande mbili za kanisa. Mimi nilikuwa kijana wa kipaimara na niliona aibu.

Bibi aliwaita wote wawili, akawatembeza kwa miguu mpaka kaburini. Sisi wajukuu tulifuata nyuma. Mbele ya masale yale akasema, "Mimi nilihamishwa na serikali ya Mwingereza. Sasa nihamishwe na tumbo langu mwenyewe?" Watu wa mlima wetu wanajua kwamba jani la sale linapandwa mpakani, linapandwa kaburini, na ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Bibi akalikata jani moja, akalifunga fundo, akalishika mkononi. Hakumpa hata mmoja wao. Akasema, "Atakayelitaka atakuja kulichukua nyumbani kwangu."

Jani lile lilining'inia juu ya mlango wake likakauka. Alilibadilisha kila lilipokauka kabisa. Alifanya hivyo kwa miaka mingi, bila kugombana na mtu, akiwapikia wote wawili kila Krismasi. Hakuwalazimisha wapatane, wala hakujifanya kwamba hakuna ugomvi.

Katika Dayosisi yetu ya Meru tuna kumbukumbu nyingine, ya Akeri. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale. Tunawakumbuka kama mashahidi wa imani, na ni vema. Mara moja nilimpeleka Bibi Akeri. Nilimweleza habari zao, na jinsi Injili ilivyorudi na kituo kikajengwa Nkoaranga mwaka 1902. Nilimweleza pia, kwa haraka kidogo, kwamba baada ya vifo vile jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Johannes lilikuja kulipiza kisasi, watu wengi wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa. Bibi akainamisha kichwa, akawaombea wamisionari wale. Kisha akauliza, "Na wale wengine walizikwa wapi?"

Swali hilo hakuliuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu aliyezoea kuhesabu mifugo jioni, ambaye hafungi zizi kabla hesabu haijatimia. Naamini Kanisa linaitwa kuhesabu hivyo. Katika sharika zetu wamo wajukuu wa waliochanga na wajukuu wa waliokwenda kuomba kazi ranchini. Wamo waliohamishwa, na wamo waliohamisha ndugu zao kwa hatua tatu za mpaka. Wote wanapiga magoti mbele ya madhabahu moja kupokea mwili na damu ya Bwana, aliyetuagiza tufanye hivyo kwa kumkumbuka. Hatuwezi kumkumbuka yeye na kuwasahau wao.

Bibi alifariki akiwa na miaka zaidi ya 80, usiku, usingizini. Tulipofika nyumbani kwake kwa msiba niliangalia juu ya mlango. Jani halikuwepo. Hakuna aliyeuliza. Siku ya maziko baba yangu mkubwa na baba yangu mdogo walishika jembe kwa kupokezana, na baada ya maua kuwekwa walipanda masale pembe nne za kaburi, mmoja akichimba na mwingine akishindilia udongo. Hawakukumbatiana. Mpaka ule wa hatua tatu bado haujaandikwa popote, na huenda wajukuu wao wataugombania tena wasipoambiwa.

Kwa hiyo ninawaambia. Katika mahubiri ya maziko nilisimulia yote: kuku kwenye kikapu, mtamba wa mwisho, kazi ya ranchini, uzio wa kaburi na lile jani juu ya mlango. Nilimtaja baba yake Bibi kwa jina lake kamili mbele ya kanisa, nikasema alitafuta maziwa ya watoto mahali maziwa yalipokuwa. Kisha nikawaomba radhi wazee waliobaki, kwa mahubiri niliyowahubiria nikiwa mwanafunzi. Mzee mmoja wa mabenchi ya mbele, aliyekuwepo siku ile, aliitikia amina kabla sijamaliza sentensi.